Alirudi na jani la isale, sasa anataka nimvishe joho la ujaji

Admin, naomba unifichie jina, maana Watanzania wa huku Maryland tunajuana kwa vilemba.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Temple Hills, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mume wangu nitamwita Baba Neema. Tulipofika nchi hii alikuwa mlinzi huku anasoma sheria, na mimi nilipiga shifti mbili mbili ili asome. Akawa mwendesha mashtaka wa kaunti, baadaye akafungua ofisi yake ya uwakili. Watu walipoanza kumwita mheshimiwa kwenye sherehe, akahama. Alisema anahitaji kupumua, akapanga nyumba Silver Spring, kaunti ya jirani. Niliumia sana jamani, sitaki kudanganya.

Mwaka jana akarudi. Alikuja na dada yake, mkononi kashika jani la isale. Kwetu Wachaga ukiletewa isale unasamehe, hata kama moyo umejaa nyongo. Nyumbani linachumwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, huku yeye alilikata kwenye mmea wa chungu wa dukani, lakini isale ni isale. Nikalipokea nikilia, nikampikia mtori.

Miezi ikapita, akaniambia ameomba ujaji wa mahakama ya kaunti yetu. Kamati ya wanasheria ikamhoji, gavana akamteua. Nilipiga vigelegele hadi Neema akaniambia, "Mom, the neighbors."

Tukaalika watu kumpongeza. Rafiki yangu Mkenya, naye ni wakili, alikuwa ananisaidia kukata kachumbari. Nikamwambia Mungu mkubwa, mume amerudi na baraka zake. Akanitazama.

"Kwani hukujua? Hiyo seat ni ya hii county. Lazima mtu awe ame-live hapa kama nusu mwaka ndio wam-appoint."

Niliweka kisu chini. Nikahesabu miezi tangu alete isale hadi alipoteuliwa, ikazidi nusu mwaka kidogo tu.

Tangu siku hiyo sina amani. Namchunguza kama mgeni. Baridi imeshaingia na anatoka na koti la suti tu, anasema hasikii baridi. Huyu mtu aliyekuwa analala na soksi! Nimepekua kabati lote, koti lake zito alilohama nalo kwenda Silver Spring halimo. Nikamuuliza liko wapi, akasema lipo tu, atalitafuta.

Juzi nikajikaza nikamuuliza kama angerudi bila huu ujaji.

"Mama Neema, hilo ni swali la kudhania," akasema. "Mahakamani ningelipinga."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa wiki ijayo anaapishwa. Desturi ya mahakama za huku, jaji mpya huvishwa joho na mtu wake wa karibu mbele ya watu wote. Amesema nitamvisha mimi. Mama mkwe ameshafika kutoka Moshi, Neema ameshanunua gauni. Nikikataa nitaonekana nimevunja neno la isale, na kwetu hilo linaogopwa. Nikikubali, nitasimama pale nikitabasamu kwenye picha huku sijui kama mimi ni mke au ni anwani yake tu.

Ndugu zangu, nipeni neno kabla siku haijafika. Joho limeletwa, nimelipiga pasi mwenyewe, limening'inia kabatini kwangu. Koti liko kwa nani?