Bawaba za Katambuga

Mimi sishangazwi na kitu. Darasa la nne nimeishia mlangoni, lakini wenye vyeti vyao ndio wanaoniletea hapa Korogwe magari yaliyowashinda. Basi juzi akaja kijana na kijumba cha plaiwudi alichokiunda mwenyewe, cha kuvutwa na gari, alale humo safarini. Chepesi, unakisukuma kwa kidole. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, na bawaba za chuma zilikuwa zimeng'oka na vipande vya mbao. "Mzee, nitilie nzito zaidi," akasema. Nikainama kutazama yale matundu, rafiki yangu, na nikamkumbuka bibi yangu.

Nikajiona nimerudi utotoni kwetu Mazingara, mwaka ule tulioambiwa sote tuhamie kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Mwisho Jumamosi, baada ya hapo nyumba zinaezuliwa. Bibi yangu alikuwa amevimba miguu, hatembei. Baba akachukua mkokoteni, akaujengea kijumba cha kumkinga bibi na jua: mbavu za miti ya mkonge, ile inayochipua mkonge ukizeeka, myepesi kama mkate wa boflo, pembeni mkeka, juu kifuniko cha kuinua.

Bibi alikitazama mara moja tu. "Hilo jeneza. Sibebwi kwenye jeneza na roho yangu ninayo."

Baba akambembeleza mpaka akatoa sharti: ataingia ikiwa atafungua mwenyewe, kutoka ndani, kwa mkono mmoja. La sivyo aachwe na nyumba yake.

Bawaba za dukani misumari yake haikushika. Mti wa mkonge ni laini mno. Baba akafanya kama tufanyavyo sote kwetu, akafunga kifuniko kwa kamba ya katani, akaikaza. Usiku ikanyesha. Nani kwetu hajui kwamba katani ikilowa hujivuta? Lakini haraka ilimsahaulisha. Ijumaa asubuhi tukamwingiza bibi, tukafunika. Akasukuma. Wapi!

"Mume wangu!" akaniita, maana mabibi wa kwetu ndivyo wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Mume wangu, mmeshanisalia?"

Jirani yetu akacheka mpaka akakaa chini. "Subiri kidogo, mama, bado tunachimba!"

Baba akakata kamba kwa panga. Bibi alipotoka hakuwa anacheka. "Siendi," akasema. Akajikokota ndani, akaanza kuchoma mihogo kama mtu ambaye kesho atakuwepo.

Nami nilikuwa na katambuga mpya za tairi, viatu vyangu vya kwanza duniani, nilivyonunua kwa vibarua vya kuchuma pamba. Chuoni, kwenye Kurani, nilikuwa nikiviacha mlangoni na kugeuka kuvichungulia kila aya. Nilikuwa nimemtazama fundi wake akikunja vile vikanda vya mpira mara mia, havikatiki. Na mpira haujui mvua. Nikachukua kisu, nikavikata vikanda vyote. Nikatoboa ule mti kwa msumari wa moto, nikavifunga kwa waya viwe bawaba. Baba alinikuta nimefika kikanda cha pili. Akatazama miguu yangu. Akachuchumaa, akanishikia mti.

Jumamosi alfajiri bibi aliingia, akainua kifuniko, akafunika, akainua tena. Mara tatu. "Haya," akasema, "hii sasa nyumba. Twendeni."

Njia nzima kifuniko kilikuwa kinapanda na kushuka. Bibi anachomoza kichwa, "Hamjambo huko!" na watoto wa watu wanakimbilia porini. Mimi nasukuma nyuma, mchanga unaniunguza nyayo, na kila tukipumzika mkono unatoka juu na kipande cha muhogo wa kuchoma, wenye majivu bado.

Yule kijana nimemtilia bawaba za mpira wa tairi, nikakataa malipo. Akadhani mzee amechoka akili. Kule kwetu nilirudi siku moja, kumebaki vichaka, hata jiwe la jiko sikuliona. Fundi katambuga hayupo. Bibi naye hakumaliza masika mawili kijijini. Tulimbeba kwa jeneza la kweli, na lile halina bawaba.

Watu huniuliza nilianza ufundi kwa mtaji gani. Huwa nawadanganya. Zilikuwa katambuga jozi moja, shilingi mbili na senti sabini na tano.