Sambaza kwenye Sanduku la Barafu

Minandi, wale ndege weusi wala samaki, walipoanza kufa kwenye kisiwa cha Ziwa Kivu kilicho mbele ya Kamembe, nilitumwa kuwapima. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, mzaliwa wa Bukavu, upande wa Kongo, niliyerudi Rwanda baada ya vita, na nilijiona mtu mkubwa. Kumshika mnandi ni adha tupu: mdomo unararua, kinyesi kinakurukia usoni. Nilipitisha kijiti cha pamba kooni na nyuma, nikakitia kwenye chupa, nikamwachia ndege aende.

Ng'ambo ya kisiwa aliishi mjane. Mumewe alipotelea kwenye misitu ya Kongo, na watoto wake waliishi kwa bata aliowafuga. Bata hao walishinda majini pamoja na minandi. Nilimwambia tusingoje majibu, awaue wote.

"Papa, bata zangu haziko na ugonjwa. Zinakula vizuri."

"Maman, kama ni mafua ya ndege, itaanza na batoto yako."

Aliwachinja mwenyewe, akawafukia bila kuonja hata mmoja.

Kesho yake nilipanda basi la Kigali na sanduku la barafu lenye chupa za vipimo mapajani. Sasa, mtu wa kwetu haendi Kigali bila sambaza wabichi, vile visamaki vya ziwa letu. Dada yangu aliyeishi huko angeninunia mwezi mzima. Nikatoa barafu iliyozunguka chupa, karibu yote, nikawapakia samaki humo sandukuni na kuwafunika nayo. Nilijiambia safari si ndefu. Basi likaharibika katikati ya msitu wa Nyungwe, tukakaa hapo mpaka jioni.

Samaki walifika salama. Dada akawakaanga, nami nikala.

Maabara walisema vipimo vimeharibika, haviwezi kuonyesha lolote. Wakati huo minandi walikuwa wameacha kufa, na hakuna aliyenituma kuwapima tena. Hatutajua kamwe. Nilijichukia, na bado najichukia.

Nilirudi kwa yule mama. Alikuwa amegeuza banda la bata kuwa mahali pa kuwekea kuni.

"Majibu ilisema nini, Papa?"

Ukweli ulinishinda. "Ugonjwa ilikuwa pale, Maman."

Akafuta macho kwa kitenge.

"Aksanti. Uliokoaka batoto yangu."

Akaingia ndani, akanitolea sambaza wakavu waliofungwa kwenye jani la mgomba. Nikawapokea kwa mikono miwili.