Siku Niliyomuoa Dada Yangu Kwenye Komini

Nilimuoa dada yangu kwenye komini, ofisi ya serikali ya hapa Rumonge, Burundi, mchana, nimeshika bendera, na afisa mwenyewe akapiga makofi. Usikasirike bado. Mimi shule niliishia darasa la pili, naeleza mambo kwa mguu, si kwa gari, kwa hiyo tutembee polepole.

Nimezaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, kwenye milima ile unayoiona ukisimama hapa ufukweni asubuhi. Nilivuka nikiwa kijana kuja kuuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, nikakuta watu wa huku wana ndagala wengi kuliko sisi. Mtu wa akili angerudi na kapu lake. Mimi nilimwona msichana anakamua mawese kando ya njia, mafuta mekundu mpaka kwenye viwiko, nikamuuliza bei wakati hata chupa sikuwa nayo.

"Nikuwekee wapi?" akauliza. "Mudomoni?"

Hapo nikajua nimefika. Mahari ilitolewa, pombe ya ndizi ilinywewa, padri alitubariki. Komini hatukwenda. Wakati ule nani alikuwa anakwenda komini? Ulikwenda ukiwa umeitwa, na ukiitwa ujue kuna jambo.

Kisha vita vikaja, tukakimbilia Tanzania: mimi, muke wangu, mama yake, na mutoto wetu wa kwanza mgongoni. Kule kwenye mapokezi waliweka meza mbili. Warundi meza hii, Wakongo meza ile. Kila meza na lori lake, kila lori na kambi yake, na kati ya kambi hizo mwendo wa siku nzima. Nikafungua mdomo niseme mimi Mukongo, kwa sababu ndivyo nilivyo. Muke wangu akanikanyaga kidole. Alikuwa amesikia kwenye foleni kwamba mume mwenye matamshi ya ng'ambo anadaiwa cheti cha ndoa cha komini. Kaka hadaiwi kitu. Umeona wapi cheti cha ukaka?

Karani, Mtanzania mpole, akamuuliza: "Huyu bwana ni nani yako?"

"Kaka yangu. Baba mumoja, mama mumoja."

"Na mtoto?"

"Wangu."

"Baba yake yuko wapi?"

Muke wangu akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Alikuwa mutu wa ovyo. Amepotea."

Tukapanda lori moja. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa, na sikuijutia, lakini mambo yake yalikuwa marefu. Kambini tulizaa watatu wengine, na kila mara karani akiuliza baba, jibu ni lile lile, amepotea. Jirani yetu mmoja akasema, "Huyo aliyepotea njia ya kurudi anaijua vizuri." Watoto tuliwafundisha: nyumbani baba, kwenye foleni ya mahindi mujomba. Wakubwa walishika. Wa mwisho siku moja alichoka kusimama, akanililia mbele ya wagawaji wote: "Baba mujomba, nibebe!"

Shida yangu mimi ilikuwa mama mukwe. Kwetu ng'ambo, mwanaume hamshiki mkono mama wa muke wake. Haketi naye kwenye kiti kimoja, hali chakula akimtazama, na wakikutana njiani mwanaume ndiye anayeingia kwenye majani. Si chuki, ni heshima, na yule mama aliipenda sana heshima hiyo kwa sababu kwao haikuwa kali hivyo. Alijiona kama malkia. Sasa kwenye kadi niliandikwa mtoto wake wa tumbo. Siku ya mgawo tukiitwa pamoja, yeye anasimama mbele, mimi nyuma yake watu kumi, nimegeuza uso kama naangalia mvua.

Amani ilirudi, na sisi tukarudi. Kwenye karatasi ya waliotoka uhamishoni tuliandikwa vile vile, kaka na dada. Kwa karatasi hiyo nilipata hata karangamuntu, kile kitambulisho cha taifa. Nikawa Murundi bila jasho. Tukapanda mihogo, tukapata michikichi kidogo, muke wangu akarudia mawese yake, akiyauza sokoni, maisha yakaenda. Nilikuwa na raha, siwadanganyi.

Asiyekuwa na raha ni muke wangu. Siku moja shefu wa kolini, mkubwa wa kilima chetu, alipita nyumba kwa nyumba anasema Leta, yaani serikali, haitaki tena watu wanaoishi pamoja bila ndoa ya komini, kila mtu aende kujiandikisha. Mimi nikasema hayo hayatuhusu, sisi ni ndugu. Muke wangu alikuwa anamenya muhogo. Aliweka kisu chini.

"Nimekuzalia watoto wane," akasema. "Nikifa kesho watanizika dada yako. Watoto wako hawana baba kwenye karatasi hata mumoja. Wewe unacheka."

"Sicheki."

"Tumbo linacheka, naliona."

Tukaenda komini. Afisa wa ndoa alikuwa kijana wa miwani, anasoma karatasi kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali. Alisoma yetu mara mbili, akavua miwani.

"Muzee, mumekuja kufanya nini?"

"Kuoana."

"Wewe na huyu mama?"

"Ndiyo."

"Hapa imeandikwa baba mumoja, mama mumoja."

"Hiyo ni uongo," akasema muke wangu kwa sauti ya mtu anayejivunia. "Niliusema mimi mwenyewe."

Ofisi yote, wao wanaiita biro, ikageuka kututazama. Tukamweleza meza mbili na malori mawili. Alisikiliza, akacheka kidogo, akaacha kucheka. "Mimi siwezi kuandika ndoa ya mutu na dada yake kwa sababu wamenifurahisha. Leteni mashahidi. Huyo mama wa tumbo moja bado iko hai?"

Alikuwa hai. Alikuwa mzee sana, amepinda kama jembe, lakini ulimi umenyooka. Kesho yake wajukuu wakamleta kwa baiskeli, wazee wawili wa ukoo wakaja kwa miguu. Mimi nilikuwa nimeshaketi kwenye benchi ya biro, benchi moja tu, ndefu. Mlango ukafunguka, nikaona fimbo yake kwanza.

Sikufikiri. Miguu yenyewe iliondoka. Nilipita mlango wa nyuma, nikaangusha kikapu cha takataka, nikajikuta nje nimejibanza ukutani chini ya dirisha.

"Muzee!" afisa akaita. "Unaenda wapi? Rudi ukae na mama yako!"

"Nitajibu kutoka hapa," nikasema dirishani.

"Nimesema rudi! Hii ni biro ya Leta!"

"Afadhali unifunge, mukubwa. Benchi moja na yule mama sikai."

Ndani nikasikia yule mama anaketi, fimbo inagonga sakafu. Afisa akamuuliza kwa adabu: "Bibi, yule aliyekimbia ni mutoto wako?"

"Wewe mutoto wa shule," akasema, "uko na mama?"

"Niko naye."

"Ukimwona unakimbia?"

"Hapana."

"Basi. Mimi nilizaa saba. Wananifokea, wanakula chakula changu, wanakaa kwenye kitanda changu na matope. Yule kule nje hajawahi kunishika hata kidole tangu amuchukue binti yangu. Kambini tulipewa mahindi pamoja, anasimama mbali kama nina ukoma. Tumbo langu halizai adabu ya namna ile. Yule ni mukwe."

Wale wazee wa ukoo waliokuwa wameandaa maneno marefu walibaki nayo mdomoni. Nikachungulia. Afisa alikuwa ameficha uso ndani ya dosiye, lile faili letu, na mabega yake yanaruka.

Lakini sheria si mchezo. Mama mukwe alipotoka ndipo nikarudi ndani, na afisa akavua tena miwani.

"Muzee, sikiliza vizuri. Urundi wako ulikuja kwa ukaka. Nikikuandika mume, ukaka umekufa, na Urundi umekufa nao. Hii karangamuntu unaniachia hapa. Utakuwa mugeni aliyeoa Murundi. Mwanamuke mugeni akiolewa na Murundi anajieleza tu, anapewa uraia. Mwanaume anaomba, anachunguzwa, anangoja. Wanaweza kukataa. Leo umeingia na nchi bila muke. Utatoka na muke bila nchi. Au muache ilivyo, murudi nyumbani."

Nilifikiri. Nasema kweli, nilifikiri. Mugeni asiye na karatasi anaweza kuwekwa kwenye boti siku yoyote, na ng'ambo sikuwa tena na mtu anayenijua. Muke wangu hakunikanyaga safari hii. Alitazama ukuta tu, mikono kwenye mapaja, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mwanamke yule kunyamaza hajui.

"Andika mume," nikasema.

Tuliapa siku ya Alhamisi, bendera mkono huu, mkono ule juu, wajukuu wetu wanatupigia vigelegele. Njiani bibi harusi akaniambia, "Sasa chunga, mugeni. Ukinisumbua napiga simu polisi."

Alifurahia neno hilo kupita kiasi. Mugeni, leta kuni. Mugeni, umekoroma. Nilingoja hivyo kwa karatasi ya muda ya kukaa, dosiye yangu ikienda Bujumbura, ikirudi kwa sababu ya foto, ikienda tena. Siku ya uchunguzi walimwita yeye peke yake kwanza, wakamuuliza kama nilimuoa ili nipate uraia. Nilisikia jibu, mlango haukufungwa vizuri.

"Uraia alikuwa nao," akasema. "Ameutupa ili anioe. Akili yake ni hiyo. Mukiona inafaa kuwa Murundi, mumuandike."

Waliandika. Ilichukua muda, na asiye na subira jina lake haliandikwi popote, lakini waliandika, na karangamuntu ikaja mpya, ya kwangu, bila ukaka ndani. Na watoto wane wakaandikwa baba.

Sasa shida. Hakuna anayeomba kuiona. Miaka yote barabarani nilikuwa natetemeka kuulizwa, na sasa nangoja kuulizwa, wananipita. Nilipanda basi mpaka Kabezi, natamka maneno kwa matamshi ya ng'ambo makusudi kabisa. Kwenye kizuizi mupolisi akachungulia, akauliza vijana vitambulisho, mimi akanipungia mkono: "Kaa tu, muzee."

"Lakini unaweza kuangalia," nikasema, nimeshaitoa.

Akaichukua kwa kunihurumia. Akasoma, akasoma tena, akanitazama vizuri, uso ukafunguka.

"Aa! Wewe ni bwana ya ule mama wa mawese, Rumonge sokoni?"

"Ndiye."

"Mwambie ile dumu ya juzi ilikuwa na maji."

Akanirudishia, basi likaondoka.