Mbegu za Syombua na Jiko Lisilotoa Moshi

Mnamo mwaka 1986, kikundi cha akina mama cha Migwani kilimjengea Syombua jiko la udongo lenye bomba la kupeleka moshi nje. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu ulidumu siku sita, na macho yake yakaacha kuwasha.

Mvua za Oktoba zilipokaribia, alishusha mahindi ya mbegu aliyoyaning'iniza juu ya jiko, kama mama mkwe wake alivyomfunza. Yalikuwa yametobolewa na fukusi, yakimwaga unga. Akamwendea Kamene, fundi wa jiko hilo.

“Kwa miaka ishirini naweka mbegu pale pale, na sijaona hata fukusi mmoja!”

Kamene alizichunguza punje. “Mwaitu, mama yangu, fukusi walifukuzwa na moshi. Nasi moshi tumeutoa.”

“Basi urudishe!”

“Kisha uje kunionyesha macho mekundu?”

“Sasa nipande nini, bomba?”

Kamene akaingia ndani, akatoka na kibaba cha mbegu safi.

“Zako zimeponaje?”

“Mimi bado napikia mafiga,” Kamene alijibu, akitazama kando.

Syombua alipanda, akavuna. Mbegu mpya alizitundika pale pale, akapikia jiko, na kando yake akawasha mafiga matatu yasiyokuwa na sufuria, ili moshi upande. Kikundi kilipokuja kuuliza kama jiko linapunguza kuni, alikubali kwamba linapunguza. Hakuwaambia kwamba mzigo sasa uliisha kwa siku mbili.