Misonobari na Fagio

Mama yangu alinilea Koboko mjini, katika ua uliofagiliwa mara mbili kwa siku, na mwenye jani mlangoni tulimhesabu hana adabu. Kwa hiyo nilipopewa unyapara wa shamba la misonobari la serikali, kule Lobule, kitu cha kwanza nilichowadai vibarua kilikuwa fagio.

Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Maji huzama kabla hujaweka debe chini. Miche ya mwaka wa kwanza ilikauka yote, imejipanga mistari iliyonyooka, chini pakiwa safi kama sahani. Bwana Misitu akaja kutoka Arua, akatazama, akasema ikifa tena nifunge mizigo yangu. Niliogopa kwelikweli, maana nilikuwa nimeoa juzijuzi.

Mwaka wa pili nikaongeza kufagia.

Miongoni mwa vibarua alikuwemo mama mmoja mkulima wa tumbaku. Alivumilia wiki nzima, kisha akasimama mbele yangu.

"Nyapara, mutoto yangu, hii jua nakula mizizi. Tumbaku kwa kitalu sisi nafunika na nyasi. Maji nabaki chini."

"Mama, hii iko shamba ya serikali. Hapana mahali ya kutupa takataka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu nilikuwa nimeshalitoa.

Ijumaa nilikwenda kuswali mjini. Niliporudi, nusu ya shamba ilikuwa imefunikwa nyasi kavu. Nilifoka mpaka sauti ikapotea. Nilikusudia kuziondoa kesho yake, lakini homa ikaniangusha, nikalala wiki tatu bila mvua kudondosha hata tone.

Nilirejea kazini siku ileile aliyokuja Bwana Misitu. Nusu yangu, ile safi, ilikuwa kuni. Kwenye nyasi miche ilikuwa kijani kibichi. Akachimba kwa kidole, akakuta unyevu.

"Nani nafanya hii?"

Nilitamani sana kusema ni mimi. Vibarua wote walikuwa wananitazama.

"Huyu mama," nikasema kwa aibu. "Na mimi niligombeza yeye."

Akafikiri kidogo. "Basi mama iko nyapara. Wewe, kata nyasi."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa bondeni na panga, jasho linanitiririka. Nikapandisha mzigo kichwani hadi shambani, nikautua mbele ya nyapara mpya. Akauzunguka, akaupima kwa macho.

"Mutoto yangu, hii kidogo. Leta ingine."

Nikaleta.