Ziwa Alilonyonya Zubeiri

Mwatum wa Moa alirudi kutoka hospitali ya Tanga bila ziwa la kushoto, akadhani yamekwisha. Wapi! Chini ya kovu maji yakaanza kujaa, pakavimba hadi kwapani, mkono haunyanyuki, na akijigeuza kitandani anayasikia yakicheza ndani kama maji ya dafu. Hospitali walikuwa wamemwambia yakijaa yavutwe kwa sindano, zahanati yoyote itaweza.

Zahanati ilikuwapo. Serikali iliporuhusu watu binafsi kutibu, Zubeiri, tabibu kijana, alifungua yake palepale kijijini. Kikwazo kilikuwa Ahmada, mumewe Mwatum.

"Tanga ulikatwa umelala," alisema. "Hapa utamvulia nguo mwanamume macho makavu?"

"Zubeiri nimemnyonyesha mimi. Mwanangu yule."

Dini inamruhusu mgonjwa aliyedhikika atibiwe na mwanamume, kila mtu ajua, lakini Ahmada alikuwa na dini yake ya wivu. Akataka Semeni, mamake Zubeiri, ashuhudie kwamba mtoto alinyonya kwa Mwatum kweli. La sivyo, Mwatum akienda asirudi.

Semeni akaitwa. Homa ya uzazi ilipomlaza zamani zile, mtoto wake alilelewa kifuani kwa Mwatum mpaka akaota meno. Lakini sasa mwanawe anavaa koti jeupe, na Semeni hakutaka isikike kwamba aliwahi kuombewa maziwa.

"Mwanangu kanyonya kwangu tu," alimwambia Ahmada. Hata kumtazama Mwatum hakumtazama.

Uongo mkavu, mchana kweupe! Mwatum aliumia kuliko alivyoumia kwa kisu.

Alivumilia mpaka ngozi ikang'aa kwa kuvimba na kupumua kukawa kazi. Asubuhi moja akajifunga kanga, akaenda.

Zubeiri alivuta maji ya manjano, bakuli likakaribia kujaa. Alipomaliza kumfunga kitambaa akainamisha kichwa.

"Bibi aliniambia kabla hajafa. Nilinyonya lipi, mama?"

"Hilo walilolikata. La kulia ulikuwa hulitaki."

Mwatum aliporudi nyumbani alikuta sanduku lake barazani na mlango umekomewa kwa ndani. Alibisha, akaita, Ahmada hakufungua. Basi akakaa juu ya sanduku, kifua chepesi, mkono unanyanyuka, na hana pa kwenda.

Semeni akapita na ndoo yake. Aliliona sanduku, akajitia hakuliona.

"Vipi hali, mwenzangu?"

"Nimepona, shoga," Mwatum akamjibu. "Mwanao ana mkono mwepesi."