Msimu Bora wa Sefu

Ijumaa moja ya Jeddah, enzi zangu za kazi Uarabuni, hainitoki moyoni, mwanangu. Jana nilipokusikia wewe na wenzio mkirushiana maneno kwenye simu, eti msimu upi wa yule nyota wenu wa mpira ulikuwa mkubwa kuliko yote, ikanirudia nzima nzima.

Sisi pia tulikuwa na nyota wetu. Sefu, kijana wa Tanga, dereva siku za kazi na Ijumaa mshambuliaji wa timu yetu ya wafanyakazi. Wallahi, mpira ulikuwa ukimtii! Kisha akavunjika goti. Kafili, yule tajiri aliyemdhamini kazini, akamkatia tiketi ya kurudi kwao, nasi tukajaa chumbani kwake mtaa wa Bani Malik kumuaga.

Kuaga gani! Tulianza kubishana. Mimi niliyecheza naye Riyadh kabla hatujahamia Jeddah nikashikilia kwamba msimu bora ni ule wa Riyadh, alipofunga takriban kila mechi. Wengine wakasema thubutu, ni ule alipoleta kombe Jeddah. Makelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Mwenyewe yupo pale pale godoroni, mguu kaunyoosha.

Mzee Haji, mpishi wa Kizanzibari wa chumba cha pili, akaingia na bakuli la uji.

"Halas! Mnagombea mabao ya mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana. Muulizeni basi mwenyewe."

Tukamuuliza. Sefu hakututazama.

"Bora siujui," akasema. "Ninaoukumbuka ni huu niliolala. Kila Ijumaa nawasikia mkipita hapo chini na mpira. Nasema, leo watapanda. Hampandi. Misimu mingine yote gawaneni."

Tulitoka mmoja mmoja, macho chini. Nikajiapiza nitampigia simu akishafika Tanga. Nikawa nasema kesho, kesho. Siku nilipopiga, alipokea mama yake. Akaniambia walikuwa wameshamzika Sefu.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, mwanangu, na sisi tulikuwa watu wa shangwe tu. Bishaneni juu ya wachezaji, sikukatazi, hiyo ndiyo raha ya ujana. Lakini yule mwenzenu mliyekuwa mkicheza naye, aliyeacha kuja uwanjani, ulikwenda lini kumjulia hali? Nenda leo, wala usiende mikono mitupu. Mungu akukuzie umri, na siku ukianguka wewe, asikunyime mtu wa kukaa nawe kitako.